Je, Wajua? Kinasa Rada Kilivyopata Kumbukumbu

Je, wajua kwamba rada za kwanza za polisi wa barabarani zilitumia masafa yale yale ambayo leo yanatumiwa na Bluetooth ya simu yako? Mwaka 1947, polisi wa jimbo la Connecticut, Marekani, walianza kupima mwendo wa magari kwa rada huko Glastonbury. Rada za kizazi hicho zilirusha mawimbi ya gigahezi 2.455, na Bluetooth hufanya kazi kati ya gigahezi 2.402 na 2.480. Polisi walihama zamani, wakaenda gigahezi 10.525, kisha 24.150, na baadaye eneo la kati ya 33.4 na 36. Dereva wa leo anayeunganisha kinasa rada chake, yaani kifaa kinachomwonya kuhusu rada, na simu janja anapitisha taarifa kuhusu polisi katika njia ambayo polisi wenyewe waliianzia kazi.

Kinasa rada chenyewe hakipimi mwendo. Kazi yake ni kusikiliza. Rada ya askari hurusha wimbi, wimbi likagonga gari na kurudi likiwa na masafa tofauti kidogo, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Gari likija kwa kilomita 100 kwa saa mbele ya rada ya gigahezi 24.150, tofauti hiyo ni mizunguko kama 4,470 kwa sekunde. Ukiipitisha kwenye spika, inakuwa mlio ambao sikio la binadamu linausikia vizuri, na rada nyingi zimeundwa zimsikilizishe askari mlio huo. Wimbi la askari lina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, na hudhoofika katika zote mbili. Kinasa rada hulipokea katika safari ya kwanza tu, likiwa bado na nguvu. Ndiyo sababu kwenye barabara iliyonyooka dereva huweza kuonywa kabla rada haijapata mwangwi wa kutosha kumpima.

Vifaa hivi vilipata wateja wengi Marekani baada ya mwaka 1974, serikali ya nchi hiyo ilipoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, ili kubana matumizi ya mafuta. Kikaja Fuzzbuster cha Ohio, kikaja Escort mwaka 1978, na mwaka 1992 Valentine One chenye mishale inayoonyesha mawimbi yanatoka mbele, pembeni au nyuma. Vyote vilikuwa na kasoro moja: havikujua viko wapi. Milango ya maduka makubwa inayojifungua yenyewe hutumia rada ndogo, na baadhi hurusha mawimbi karibu kabisa na yale ya polisi. Magari mengi yamewekewa vihisi vya gigahezi 24 vya kumwonya dereva kuwa kuna gari pembeni asiloliona. Kwa hiyo kifaa kilipiga kelele mbele ya duka lile lile asubuhi na jioni, mwaka mzima. Dereva akizoea kupuuza kelele, ataipuuza pia ya kweli.

Simu ni mojawapo ya vitu vilivyotibu kasoro hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Cobra ya Chicago ilitoa iRadar, iliyozungumza na simu kwa Bluetooth. Escort nao wakaja na waya wa umeme uliofichiwa Bluetooth ndani yake, ili hata kifaa cha zamani kiweze kuunganishwa na programu yao ya Escort Live. Simu ina GPS, kwa hiyo inajua mahali na mwendo wa gari. Tahadhari ya uongo ikitokea, programu huandika mambo mawili: mahali, na masafa kamili ya wimbi. Ukipita tena, inanyamaza. Wimbi la masafa mengine likitokea pale pale, inapiga kelele, kwa sababu mlango wa duka haubadilishi masafa yake ghafla. Naona huu ndio uvumbuzi mzuri kuliko wote katika historia ya kifaa hiki, na haukuhitaji antena bora. Ulihitaji kumbukumbu.

Waundaji wa Valentine One waliwaachia watu wa nje lugha ambayo kifaa chao hutumia kuzungumza na simu, na programu ya JBV1, inayopendwa sana na watumiaji wa Android, haikuandikwa na kampuni hiyo.

Je, wajua pia kwamba tochi ya leza ya polisi ya kupimia mwendo karibu haiachi nafasi ya onyo? Mwali wake, ukifika mita 300, una upana wa mita moja hivi. Ukigonga gari lako, umeshapimwa. Hapa kifaa kinawategemea majirani. Gari lililotangulia lenye kifaa kama hicho likipigwa tochi, simu ya dereva wake hutuma mahali hapo kwa walio nyuma, bila dereva kugusa kitu. Programu ya ramani ya Waze, iliyozaliwa Israeli na kununuliwa na Google mwaka 2013, yenyewe hutegemea mtu aone askari kisha abonyeze. Madereva wa Tanzania na Kenya wana njia yao ya siku nyingi: kumpigia taa anayekuja upande wa pili.

Anayesikiliza naye husikika. Ndani ya vinasa rada vingi mna saketi inayozalisha wimbi lake ili kulinganisha na linaloingia, na kiasi kidogo huvuja nje. Polisi wana mashine za kunasa mvujo huo, na huwafaa mahali kama jimbo la Virginia, ambako vinasa rada vimepigwa marufuku. Ujerumani sheria inamkataza dereva kutumia hata programu ya simu inayomwonyesha kamera za mwendo akiwa safarini.

Ufaransa ilichukua njia yake. Tangu Januari 2012 ni kosa kutumia kifaa kinachomwonyesha dereva mahali kamili ilipo kamera ya mwendo. Watengenezaji walikubaliana na serikali kuonyesha eneo la hatari badala yake: mita 300 mjini, kilomita 2 kwenye barabara za kawaida, kilomita 4 kwenye barabara kuu za kasi. Kamera inaweza kuwa popote ndani ya eneo hilo. Nalipenda suluhisho hili kuliko marufuku, kwa kuwa linamwacha dereva na onyo lake, ila akitaka kulitii inambidi aende polepole kilomita zote 4.