Tuliomba Sh4.2 milioni tukanyimwa, tukarudi na hesabu ya Sh300,000

Barua pepe ya wakfu ilinipata nikiwa ndani ya matatu, natoka tao narudi Kayole. Nilisoma mstari mmoja tu: "Tunashukuru kwa ombi lenu, lakini..." Ukishaona hiyo "lakini", msee, zima data ulale.

Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wawili. Tulikuwa tumeomba Sh4.2 milioni kutoka kwa wakfu unaofadhili miradi ya afya, ndio tuwasaidie wagonjwa wa kifua kikuu mtaani wamalize dawa. Tulikuwa na uhakika wa kupata hizo pesa hadi wawili wetu walikuwa wameshazunguka Luthuli wakiuliza bei ya laptopu.

Aliyeandika ombi ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini kikundini mimi ndiye msee wa kuandika kwa sababu ya blogu. Kwa hivyo lawama zilikuwa zangu. Kwa siku kadhaa nilidhani tumenyimwa kwa sababu sina digrii. Haikuwa hivyo. Kosa lilikuwa kwingine, na nalisimulia hapa kwa sababu najua kuna vikundi vingi vinavyoandika ombi kama lile letu.

Kwanza, kwa nini kifua kikuu? Tuna rafiki, mtaani anaitwa Fundi, anapiga plasta kwa mjengo. Alikohoa zaidi ya mwezi akinunua dawa za kikohozi dukani, mpaka mhudumu wa afya wa jamii alipomshika mkono na kumpeleka zahanati. Makohozi yakapimwa, TB ikapatikana, akaanzishiwa dawa. Hapa Kenya dawa za TB ni bure katika vituo vya umma, na kwa kawaida mgonjwa huzimeza kwa miezi sita. Mwezi wa pili kikohozi kikaisha, nguvu zikarudi, Fundi akaacha. Kabla ya mwaka kuisha TB ilirudi, na safari hii ilikuwa ile sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Alikonda hadi tukawa tunaogopa kumwangalia usoni.

Hiyo ndiyo stori niliyoandika kwenye ombi la kwanza. Kurasa tisa. Niliweka machozi, nikamweka mama yake, nikaweka "vijana ni viongozi wa kesho". Halafu bajeti: laptopu sita, kontena la ofisi, tisheti 300, hafla ya uzinduzi yenye mahema na DJ. Nauli na chakula cha wagonjwa? Mstari mmoja karibu na mwisho, Sh180,000.

Tulipokutana kuomboleza, Fundi alikuwa ameshaanza matibabu mapya. Alikaa nje penye hewa, maski usoni, akaomba aone lile ombi. Akalisoma polepole, kisha akauliza, "Hizi tisheti zinatibu nini?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Kliniki hufunguliwa saa mbili," akasema. "Saa mbili kwa mjengo majina yameshaandikwa. Kila siku ya kuchukua dawa nilikuwa napoteza Sh700. Nilipopata nafuu, nikachagua kibarua."

Kurasa tisa kuhusu maisha yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza kwa nini aliacha dawa.

Hapo ndipo nilianza kusoma vizuri wakfu ni kitu gani. Chukua mfano wa Wellcome Trust ya Uingereza. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyezaliwa Marekani, alifariki mwaka wa 1936 na wosia wake ukaiacha kampuni yake mikononi mwa wadhamini, ili mapato yasaidie utafiti wa afya. Pesa za wakfu huo ndizo zimekuwa zikichangia utafiti unaofanywa na KEMRI kule Kilifi tangu 1989. Sasa wewe wapelekee ombi la kununua magodoro ya wodi. Watakataa, na si kwa roho mbaya. Kazi waliyoachiwa ni nyingine.

Au mfano wa Gates Foundation. Mwaka wa 2008 walianzisha mpango uliopokea maombi ya kurasa mbili pekee, na wazo likipita lilipata dola 100,000 za kuanzia. Kurasa mbili! Mimi nilijaza tisa na sikuwa nimesema kitu.

Kila wakfu una mipaka yake: ugonjwa gani, nchi gani, kikundi cha aina gani, kiasi gani. Tangazo la ule wetu lilisema wazi kwamba kikundi kinachoomba mara ya kwanza kisizidi nusu milioni. Tulikuwa watu kumi na wawili na hakuna aliyefika ukurasa huo.

Tukaanza upya, na safari hii tulianza na daftari. Tulienda zahanati kuomba rejista ya wagonjwa. Muuguzi akatukatalia kabisa, na alikuwa na haki, hizo ni siri za watu. Baada ya msimamizi kukubali, alitupa idadi peke yake: katika nusu mwaka, wagonjwa tisa walikuwa wameacha kufika. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao tayari wanawajua, ndio waliowauliza sababu. Sisi tuliandika majibu bila majina. Watano walisema walikuwa wakipoteza kibarua siku ya kliniki. Wawili walikuwa wamehama. Mmoja alijificha kwa sababu ya majirani. Mmoja alidhani amepona.

Hii shida haiko Kayole pekee. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya familia zenye mgonjwa wa TB nchini zilitumia au kupoteza zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao ya mwaka. Kwa wenye TB sugu, ilikuwa zaidi ya familia nane kati ya kumi. Dawa ni bure, lakini kuugua si bure.

Tukarudi kwa msimamizi wa zahanati na swali moja: je, dawa za TB zinaweza kutolewa saa kumi na mbili asubuhi, mara mbili kwa wiki, watu wa mjengo wakienda kazini? Alifikiria wiki nzima, akaongea na wafanyakazi wake, kisha akatuandikia barua ya kukubali. Barua hiyo haikutugharimu hata shilingi, na ndiyo iliyobeba ombi letu lote la pili.

Bajeti nayo ikawa hivi, kwa wagonjwa 30 na miezi sita. Chakula cha Sh1,000 kwa mwezi kila mmoja, Sh180,000. Nauli ya Sh100 kwa safari nane kila mmoja, Sh24,000. Nauli na simu za wahudumu wanne wa kufuatilia, Sh2,000 kila mmoja kwa mwezi, Sh48,000. Mhasibu wa muda, Sh30,000. Kuchapisha na daftari, Sh12,000. Ada za benki na M-Pesa, Sh6,000. Jumla Sh300,000, yaani Sh10,000 kwa mgonjwa mmoja mpaka amalize dawa. Msee yeyote anaweza kuchukua kalamu aihakikishe. Wale wa laptopu walinuna, lakini walipiga kura ya ndiyo.

Kisha ikaja kazi ya makaratasi, na hapa vikundi vingi hufia. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua kumi na katiba yake. Mkitaka kuwa shirika kubwa, kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Sisi tulibaki kikundi cha jamii. Wakfu ulitaka cheti, katiba, kumbukumbu za mikutano, PIN ya KRA na taarifa za benki za miezi sita. Ulitaka pia watu watatu wa kutia sahihi wasiwe wa familia moja. Wetu wawili walikuwa kaka na dada. Tukabadilisha, na ndiyo, palikuwa na kelele.

Miezi mitatu ilipita kimya. Halafu afisa wa wakfu akapiga simu. Hakuniuliza nimesomea wapi. Aliuliza: mgonjwa akihama katikati ya dawa mtafanya nini? Nani ananunua chakula na nani anahesabu risiti? Mmemwambia mgonjwa kwamba anaweza kukataa msaada wenu na bado apewe dawa? Hilo la mwisho hatukuwa tumelifikiria. Nikamwambia ukweli: "Hapana, dadangu, lakini tutaliandika leo." Akanyamaza kidogo, akasema sawa.

Pesa ziliidhinishwa kwa awamu mbili, Sh150,000 kwanza na nyingine baada ya ripoti.

Ripoti hiyo karibu ituvuruge. Miezi mitatu ilipofika, wagonjwa wawili kati ya 30 walikuwa wamepotea. Mwenzetu mmoja alitaka tuandike kwamba wote wapo, asije mfadhili akakata awamu ya pili. Tulibishana hadi usiku. Aliyemaliza ubishi ni Fundi: "Mkiandika wapo, nani atawatafuta?" Tukaandika wawili wamepotea, na tukaeleza tunavyowatafuta. Afisa alijibu kwa maswali mawili na awamu ya pili ikatumwa. Mmoja alipatikana kwa shangazi yake Machakos na akaunganishwa na kliniki ya huko. Wa pili hatujampata hadi leo.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni mabroka. Tulipokuwa tunatafuta ufadhili, jamaa mmoja mwenye suti alitaka Sh5,000 ya "kusukuma faili", na asilimia kumi pesa zikiingia. Wakfu wa kweli hauuzi fomu wala hauna mtu wa kusukuma faili. Ukiombwa pesa ili upewe pesa, ondoka mbio. La pili ni stori za wagonjwa. Nilipoandika maisha ya Fundi kwenye ombi la kwanza sikumuomba ruhusa. Kwa makala haya nilimuomba, akasoma, akafuta sentensi mbili.

Ushindani nao umekuwa mkali. Tangu serikali ya Marekani isimamishe misaada ya nje Januari 2025, na USAID ikafungwa baadaye mwaka huo, mashirika makubwa yaliyotegemea pesa hizo sasa yanabisha milango ile ile unayobisha wewe na kikundi chako. Wana wataalamu wa kuandika maombi na wana magari. Kitu ambacho hawana ni kujua saa ambayo majina huandikwa kwa mjengo. Hicho wewe unacho, ama unaweza kukipata ukitoka kwa simu na kwenda kuuliza.

Kwa hivyo kama kikundi chenu kinapanga kuomba, kabla hamjaandika neno moja, soma tangazo lote, hata ile sehemu ya maandishi madogo. Tafuteni watu watano wenye shida mnayotaka kutatua, muwaulize ni siku gani hasa mambo yaliharibika. Hesabuni kilichowakwamisha kinagharimu pesa ngapi. Mkikuta kuna sehemu haigharimu chochote, anzeni nayo kesho, ufadhili uje ama usije.

Fundi bado yuko kwenye dawa. Siku zake za kliniki huondoka nyumbani kukiwa bado giza, na saa moja kasorobo huwa ameshamaliza. Sisi bado hatuna ofisi. Tunakutana kwa kibanda cha mama wa chapo, na daftari linakaa kwa mhasibu.