Diploma Iliyofichwa Kabatini

Fomu ya maombi ya kazi ni karatasi moja. Juu kabisa hubandikwa picha ya msichana mzima mzima, tangu kichwani hadi viatuni, kasimama wima na mikono mbele. Chini ya picha huulizwa kimo, uzani, dini, kama ameolewa, ana watoto wangapi. Kisha vinafuata visanduku vya kutia alama: kufua, kupiga pasi, kupika, kulea mtoto, kutunza mzee. Elimu imepewa mstari mmoja mfupi.

Katika chuo kidogo cha Mombasa kinachowafunza kazi za nyumbani wasichana wanaokwenda Arabuni, nilioneshwa fomu moja ambayo mstari huo ulijazwa "darasa la nane". Mwandiko ulinikwaza. Ulikuwa umenyooka, herufi zimelingana, mwandiko wa mtu aliyeandika insha nyingi. Kumbe mwenyewe ana diploma ya hoteli. Ajenti ndiye aliyemwambia asiitaje.

"Wako waajiri wanaomwogopa aliyesoma," akasema mwalimu wao, mama wa makamo aliyefanya kazi Riyadh mikataba miwili. "Watakwambia huyu ataulizia siku ya kupumzika, ataulizia simu yake, atataka kuusoma mkataba. Basi mtoto wa watu anajipunguza ili achukuliwe."

Alisema hayo huku akimwonesha mwanafunzi jinsi ya kupiga pasi kanzu nyeupe: kola kwanza, kisha mikono, kifua mwisho, maana kikikunjika kifua utarudia yote. Msichana alirudia mara tatu bila kuguna.

Nikamuuliza mwalimu kwa nini mwenye diploma aingie njia hii. Akanirudishia swali: "Nauli katoa nani?"

Na hapo pana kisa kizima. Kwa kazi ya ndani Saudia, visa, tiketi na ada ya ajenti ni juu ya mwajiri. Muuguzi anayelenga Uingereza, hata baada ya nchi hiyo kutiliana saini na Kenya makubaliano ya kuajiri wauguzi mwaka 2021, lazima athibitishe Kiingereza chake. Akichagua mtihani wa IELTS, anatakiwa alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtihani unalipiwa, na ukianguka unalipa tena. Binti wa nyumba yenye mshahara ataanguka, atalia, atarudia. Binti ambaye babake anategemea bahari ya Kilifi hana nafasi ya kuanguka hata mara moja. Anayekwenda Kanada kusoma naye huonesha pesa za benki kabla ya kuonesha akili.

"Wala msidhani wanaokwenda ni mafukara wa mwisho," mwalimu akaniambia. "Aliye hoi kabisa hata pasipoti hana. Hawa wamesomeshwa kwa kuuza mbuzi, kwa vyama vya akina mama. Kijiji kinadai matunda."

Lakini nauli ya mwajiri ina minyororo yake. Aliyekulipia ndiye kafili wako, yaani mdhamini wako, na kumwacha kabla ya miaka miwili ya mkataba kwisha ni kujitafutia balaa. Saudia ilipolegeza masharti ya kubadili kazi mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Yaani wale hasa ambao mlango hufungwa nyuma yao.

Nilitaka kujua kama mwalimu angemshauri binti yule aandike kweli. Aliiweka pasi chini.

"Nikimwambia aandike, fomu itarudishwa, na kwao wadogo zake wanangoja karo. Nikinyamaza, siku akipatwa na jambo kule, ubalozi utakuwa na karatasi ya mtu asiyejua kusoma mkataba aliotia saini. Sasa wewe mwandishi, wewe ungemwambiaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Ajenti alikuwa anaitaka fomu jioni ile ile.