Mpiga Muziki wa Sherehe Naye Huchoka

Kila mmoja wetu amewahi kucheza katika harusi, sendofu, kipaimara au jubilei ya miaka 25 ya ndoa. Tunamkumbuka bibi harusi, tunakumbuka chakula, na pengine tunamkumbuka mshereheshaji. Ni wachache wanaomkumbuka mtu aliyesimama nyuma ya meza yenye nyaya nyingi, akichagua nyimbo tangu jioni hadi usiku wa manane. Huyo ni DJ, yule anayekodishwa pamoja na vyombo vyake na kuvihamisha kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Wengi wanadhani hiyo si kazi bali ni starehe inayolipwa. Lakini wapo walioianza wakati wa kanda za kaseti, wakahamia CD, na leo wanatumia kompyuta ndogo. Baada ya miaka 20 au 25 baadhi yao hufikia mahali ambapo simu ya mteja ikilia moyo unashtuka, na muziki waliokuwa wakiupenda unakuwa kero. Tunataka kuieleza hali hiyo, kwa sababu mara nyingi huitwa uvivu, kiburi au kutoshukuru, nayo si hayo.

Uchovu huu ni nini?

Uchovu wa kawaida huondoka mtu akilala vizuri usiku mmoja au mbili. Uchovu sugu wa kazi hauondoki hivyo. Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watu waliojitolea katika zahanati ya bure: walianza kazi kwa moyo wote, kisha wakaishiwa nguvu na upendo wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba huo si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Shirika hilo lilitaja alama zake tatu.

Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. DJ anaamka Jumatatu akiwa amechoka kama alivyolala. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi. Anawadharau wateja, anawaona wageni wote kuwa wasumbufu, na anapiga nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule bila kutazama kama watu wanacheza. Ya tatu ni kujiona hafai tena. Anasema vijana wamempita, na hata akisifiwa haamini.

Kwa nini DJ hasa?

Tutazame Jumamosi moja ya kazi yake. Ameamka saa 1 asubuhi. Saa 8 mchana anapakia spika, amplifaya, meza na jenereta ya akiba. Anafika ukumbini, anapanga na kujaribu vyombo. Sherehe inaanza saa 1 jioni na kwisha saa 6 usiku. Baada ya hapo anafungua nyaya, anapakia tena, na anafika nyumbani saa 9 usiku. Kamati ya harusi imeona saa 5 za muziki, lakini yeye amefanya kazi saa 13. Kesho yake, wenzake wanapokwenda Misa na kukaa na watoto, yeye analala. Siku ambazo jamaa zake wanafurahi ndizo siku zake za kazi.

Ona pia jambo la hatari. Ifikapo saa 6 usiku mtu huyu amekuwa macho kwa saa 17. Utafiti uliofanyika Australia katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kukaa macho kwa muda huo hupunguza wepesi wa akili na mikono sawa na pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na hapo ndipo anapokamata usukani, hata kama hakuonja bia.

Kisha kuna kelele. Wataalamu wa afya kazini hupima sauti kwa desibeli. Sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Zikifika 100 ni dakika 15 tu. Karibu na spika kubwa si ajabu kuvuka kiwango hicho. Kelele hizo hazidhuru sikio peke yake. Huufanya mwili ukae kama uko vitani, moyo ukienda mbio, na ndiyo maana DJ akifika nyumbani amechoka lakini usingizi hauji. Wengine husikia mlio masikioni usiku kucha. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Tuongeze mizigo inayoumiza mgongo, umeme unaokatika katikati ya ngoma ya maharusi, kamati inayoomba punguzo halafu salio likachelewa, na mgeni mlevi anayegonga meza akidai wimbo wake. Jambo moja katika haya halimwangushi mtu. Yanamwangusha yote, yakirudiwa kila wiki kwa miaka 20.

Njia zisizosaidia

Wengi hujaribu kwanza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kumbuka kwamba kwa watu wengi nusu ya kafeini bado imo mwilini saa 5 hivi baada ya kunywa. Kikombe cha saa 5 usiku kinaendelea kufanya kazi alfajiri. Wengine hunywa bia mbili tatu ili walale. Pombe huleta usingizi haraka, lakini huukatakata kabla ya asubuhi. Polepole mtu anahitaji kitu cha kumwamsha na kitu cha kumlaza, na hapo tatizo limekuwa mawili.

Hata likizo ya wiki moja haitoshi ikiwa mtu anarudia ratiba ile ile. Uchovu huu umetokana na namna kazi ilivyopangwa, kwa hiyo mpango wenyewe ndio unaotakiwa kubadilika.

Tufanye nini?

1. Chagua siku ya mapumziko na uilinde. Kwa kuwa Jumapili inaliwa na usingizi, Jumatatu au Jumanne iwe siku ya familia, simu ya wateja ikiwa imezimwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Siku ya kazi lala kidogo mchana kabla ya kupakia vyombo, na unaporudi lala katika chumba chenye giza.

2. Usiendeshe gari ukiwa umechoka. Tafuta dereva, na gharama yake iingie katika bei. Kama ukumbi uko mbali, lala huko huko hadi kupambazuke.

3. Linda masikio. Elekeza spika kwa wachezaji, nawe usimame nyuma yake. Wakati wa chakula punguza sauti, utoke nje dakika chache. Tumia vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwani pamba ya kawaida haizuii kelele. Kama siku ya pili masikio bado yanalia, pimwa. Hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC zina idara ya masikio, pua na koo.

4. Gawa mzigo. Mfundishe kijana mmoja au wawili, nao wapewe saa zao za kupiga muziki, wasiwe wabebaji tu. Mwenye uzoefu anapofundisha huona tena thamani ya kile anachokijua.

5. Panga bei na kalenda. Hesabu saa zote 13, si zile 5. Andikeni mapatano: malipo ya awali, siku ya kumaliza salio, na saa ya kufunga muziki. Amua mapema idadi ya sherehe unazoweza kwa mwezi. Wakati wa Kwaresima harusi za Wakatoliki hupungua sana. Asiyejiwekea akiba huuona kuwa msimu wa njaa, na Pasaka ikifika anapokea kila kazi bila kuchagua. Akiba kidogo humpa mtu uwezo wa kusema, "Wiki hiyo sipo."

6. Usikae peke yako na jambo hili. Mwambie mwenzi wako wa ndoa ukweli, kwa sababu pengine ameshauona na anaogopa kuuliza. Zungumza na maDJ wenzako. Na kama baada ya kubadili haya yote moyo bado umekufa, si aibu kupunguza kazi: kukodisha vyombo tu, au kuchukua sherehe za mchana.

Wakati wa kumwona daktari

Uchovu usioisha unaweza pia kuwa dalili ya upungufu wa damu, kisukari au ugonjwa mwingine. Kwa hiyo pima kwanza, usijitibu kwa kukisia. Tena, uchovu sugu wa kazi unaweza kuandamana na sonona. Tofauti yake ni hii: aliyechoshwa na kazi bado hucheka na watoto wake akiwa mbali na ukumbi, lakini mwenye sonona hukosa raha katika kila kitu. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, nenda hospitali. Na mtu akianza kusema kwamba ni heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sonona inatibika.

Neno kwa kamati za sherehe

Ndugu wasomaji, wengi wetu ndio tunaokaa katika kamati hizo. Tunaweza kupunguza mzigo huu bila kuongeza hata shilingi. Mwekeeni DJ kiti na sahani ya chakula kabla hakijapoa. Mlipeni salio lake siku mliyopatana. Saa ya kufunga ikifika, muziki ufungwe, na vijana wawili wamsaidie kubeba spika. Kabla hajawasha gari mwulizeni kama ataweza kuendesha. Akisema amechoka, mwamini, na mtafutieni mahali pa kulala.