Mwenyekiti Akae, Msimamizi Asimame

Lugha ina tabia ya kusema ukweli hata pale wasemaji wake wanapojaribu kuuficha. Katika Kiswahili, anayeongoza chama tumemwita mwenyekiti, yaani yule mwenye kiti. Anayeshughulikia kazi za kila siku, ambaye siku hizi tunamwita meneja, ana jina lake la Kibantu, nalo ni msimamizi, yaani yule asimamaye juu ya kazi mpaka ikamilike. Mmoja amepewa kukaa, mwingine amepewa kusimama. Maneno hayo mawili hunijia akilini kila ninapoalikwa katika mikutano ya vyama vya wastaafu hapa Nakuru, kwa kuwa aghalabu ninachokikuta humo ni kinyume chake. Aliyepaswa kukaa kwa muda kisha aondoke ndiye asiyebanduka, na aliyepaswa kusimama kazini kwa utulivu ama hayupo kabisa, ama hubadilishwa kila msimu wa mvua.

Mji wetu, uliopandishwa hadhi ukawa jiji mnamo Desemba 1, 2021, ni mji wa wastaafu kuliko wengi wanavyodhani. Tangu reli ilipofika hapa mwaka 1900, umevuta waajiriwa wa kila namna: wa reli, wa Chama cha Wakulima cha KFA, wa bodi ya pareto, wanajeshi wa Lanet, wahadhiri na wafanyakazi wa Egerton kule Njoro, na jeshi kubwa zaidi kuliko yote, walimu. Wengi wao walipomaliza kazi hawakurudi makwao walikozaliwa. Walinunua ploti Kiamunyi, Lanet, Bahati au Njoro, wakajenga, wakabaki. Hata mstaafu mashuhuri kuliko wote, Rais Daniel arap Moi, alipong'oka Ikulu mwishoni mwa mwaka 2002 alikuja kuishi Kabarak, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2020.

Nchini Marekani wazee wa aina hii hujengewa miji yao wenyewe. Sun City katika jimbo la Arizona ilifunguliwa siku ya mwaka mpya wa 1960, na huko wakaazi huchagua bodi, nayo bodi huajiri meneja wa kuendesha viwanja na kumbi zao. Sisi hatuna miji kama hiyo, wala sidhani kama tunaihitaji sana maadamu mzee wa kwetu angali anapenda kuzungukwa na wajukuu. Tulicho nacho ni vyama: vya kuzikana, vya kuweka akiba, vya kununua ploti na kujenga nyumba za kukodisha, vya kudai haki. Mtu akitaka kuona uzee wa Kenya ulivyojipanga, asiutafute katika makazi ya wazee. Autafute katika mkutano wa chama siku ya Jumamosi, chini ya hema, pensheni ikiwa ndiyo ajenda ya kwanza.

Vyama hivi si mchezo wa kupitisha wakati. Nani katika walimu wasomao safu hii asiyejua habari za wenzao waliostaafu kuanzia mwaka 1997, baada ya mkataba wa mishahara wa mwaka huo ambao serikali haikuutekeleza kikamilifu? Maelfu yao waliungana wakaenda Mahakama Kuu ya papa hapa Nakuru, na mwaka 2008 mahakama ikaamua kwamba walistahili kulipwa kulingana na mkataba ule. Baada ya uamuzi huo walingoja miaka na miaka, na wengi wamekwisha kufukiwa kaburini bila kuishika haki yao mkononi. Kesi ya namna hiyo huhitaji kumbukumbu: nani ni mwanachama, alistaafu lini, warithi wake ni akina nani, wakili alilipwa kiasi gani na kwa hati ipi. Kumbukumbu zikipotea, haki iliyopatikana mahakamani hupotelea ofisini.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Katika vyama vingine, mabadiliko ya uongozi ni jambo la hiari au la siasa. Katika chama cha wastaafu ni jambo la maumbile. Mwekahazina mwenye umri wa miaka 73 anaweza kuugua kesho. Katibu anaweza kuhamia kwa mwanawe Eldoret au ng'ambo. Mwenyekiti anaweza kulala asiamke. Viongozi wa chama hiki watabadilika, chama kipende kisipende. Kinachoulizwa ni kama kazi yenyewe itabadilika nao, au kuna mtu atakayebaki ameishika.

Kuna chama kimoja, ambacho jina lake nitalihifadhi, kilichompoteza mwekahazina wake ghafla. Daftari za michango zilikuwa nyumbani kwake ndani ya sanduku la bati. Vitabu vya risiti, sanduku hilo hilo. Mjane hakujua ufunguo uko wapi, na kwa kuwa alikuwa katika eda ya msiba hakuna aliyethubutu kumwuliza. Benki nayo, kama ilivyo desturi ya benki zote, ilikataa kutoa hata senti mpaka iletewe kumbukumbu za mkutano zilizowateua watia sahihi wapya. Mkutano ukakosa akidi mara mbili. Jambo la kusikitisha ni kwamba chama hicho kiliundwa kwa ajili ya kuzikana, nacho kilishindwa kumzika mweka fedha wake kwa fedha alizokuwa amewawekea. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia kwamba daftari nalo huweza kupotea likiwa salama kabisa ndani ya sanduku.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba chama cha wastaafu chenye mali yoyote, iwe ploti, nyumba ya kukodisha au mfuko wa akiba, yafaa kiajiri msimamizi wa kulipwa, na kimwajiri mapema, wakati viongozi wake wangali na afya.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Mwalimu, sisi humu tuna waliokuwa walimu wakuu, tuna aliyekuwa meneja wa benki, tuna wahasibu watatu. Tumlipe kijana kwa kazi tunayoiweza wenyewe?" Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Hakuna ukumbi wowote hapa Nakuru wenye maarifa mengi kama ukumbi wa wastaafu. Lakini kazi ya kujitolea ina kasoro moja isiyosemwa kwa sababu ya heshima: haiulizwi maswali. Ni nani atakayesimama mbele ya watu kumwuliza mzee wa miaka 75, aliyewahi kuwa mwalimu wake wa darasa la saba, kwa nini hesabu za robo mwaka zimechelewa? Atajibiwa, "Na mimi nalipwa nini?" Swali litakufa hapo hapo. Mshahara si ujira wa jasho tu. Mshahara ndio unaompa mwanachama haki ya kuuliza.

Fedha zenyewe si nyingi kama inavyodhaniwa. Chama chenye wanachama 200, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi, hupata shilingi 40,000. Kiasi hicho kinaweza kumweka kijana mwenye stashahada ya uhasibu au ya ushirika, asiye na makuu, anayetafuta mahali pa kuanzia. Chama chenye watu 40 hakina uwezo huo peke yake, lakini sioni kwa nini vyama vitatu au vinne vya jirani visishirikiane kumwajiri mmoja.

Kuajiri ni rahisi. Penye ugumu ni kumwacha aliyeajiriwa afanye kazi. Nimewahi kuona msimamizi mchanga akitumwa na watu saba kwa siku moja. Mwenyekiti anamtaka Bahati akakague ploti, makamu wake anamtaka benki, katibu anataka barua ipigwe chapa, na mwanachama wa kawaida, kwa kuwa ni mzee na huyu ni kijana, anamwambia, "Kijana, hebu niletee kiti." Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sheria yetu ya vyama vya ushirika inataka kamati iwe na watu wasiopungua 5 na wasiozidi 9, idadi ambayo ni ya busara kwa kushauriana. Lakini mabwana 9 kwa mtumishi mmoja ni adhabu. Kamati iseme kwa kinywa kimoja, na kinywa hicho kiwe cha mwenyekiti, kwa maandishi.

Ipo hatari ya upande wa pili. Msimamizi aliyedumu kuliko kamati tatu huwa ndiye pekee anayejua kila kitu, na ajuaye kila kitu peke yake amekwisha kuwa mwenye chama. Wazee wa Bonde la Ufa hawahitaji kukumbushwa makampuni ya kununua mashamba ya miaka ya 1970, Ngwataniro ikiwa mojawapo, ambamo maelfu ya watu maskini waliweka hisa ili wapate ardhi ya walowezi walioondoka. Ugawaji wa mashamba na hati uliendelea kusuasua, wakurugenzi wakalaumiwa, na katika miaka ya 1980 serikali ikaamuru makampuni hayo yagawe ardhi na kuvunjwa. Ndivyo inavyokuwa wanapokuwa wachache wenye ramani na orodha ya wanahisa. Vyama vya ushirika navyo vilipitia mtihani wa aina yake. Sheria ya mwaka 1997 ilipoondoa mkono mzito wa serikali uliokuwa ukiwalinda na kuwakera kwa pamoja, ubadhirifu uliongezeka kiasi kwamba sheria ikabidi irekebishwe mwaka 2004 ili kurejesha usimamizi.

Kwa hiyo msimamizi asiwe mtia sahihi pekee wa hundi. Asiwe na nenosiri la akaunti ambalo hakuna mwingine anayelijua. Nakala ya orodha ya wanachama ikae kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mkataba wake uwe wa maandishi, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyotaka kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita ya kwanza bila makubaliano naye. Akatwe mchango wa NSSF na wa bima ya afya. Ingekuwa aibu kubwa watu wanaoishi kwa pensheni wamnyime mtumishi wao njia ya kuipata yake.

Tena asiwe mtoto wa mwenyekiti. Najua neno hili litawaudhi baadhi ya marafiki zangu. Najua pia kwamba katika Nakuru swali la "ni mtoto wa nani" lina dada yake, "ni wa kabila gani", swali ambalo hatulisemi kwa sauti tangu yale ya 1992 na ya Januari 2008 yatufike, lakini tunaliuliza kwa macho. Chama cha wastaafu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mkisii na Mluo bado wanakaa benchi moja kwa sababu walifundisha shule moja kwa miaka 20. Kazi hiyo moja ya mshahara ikitolewa kwa upendeleo, benchi hilo litavunjika kwa jambo dogo. Nafasi itangazwe ubaoni na kanisani na msikitini, waombaji wahojiwe na watu watatu, na angalau mmoja wao atoke nje ya chama. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni huyo anahitajika kwa siku moja tu.

Nirudi kwa mwenyekiti, kwa maana yeye ndiye mzizi wa fitina. Neno kustaafu tulilipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuomba kusamehewa wajibu, kuomba ruhusa ya kupumzika. Kujiuzulu nako ni kujiondoa mwenyewe mahali ambapo wengine wangeweza kukuondoa, kwa kuwa kuuzulu ni kumwondoa mtu madarakani. Na Mwalimu Nyerere alitupatia la tatu, kung'atuka, ambalo husemwa alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao. Aling'atuka urais mwaka 1985, lakini kiti cha chama chake alikishikilia mpaka 1990. Hata yeye, basi, kiti cha chama kilimchukua miaka mitano zaidi ya kiti cha nchi.

Tuna maneno matatu ya kuondoka, na bado wapo wastaafu waliomwomba mwajiri ruhusa ya kupumzika wakiwa na miaka 55 au 60, kisha wakakalia kiti cha chama kwa miaka 18. Wakiulizwa, husema hakuna mwingine anayezijua kazi za chama. Huenda ni kweli. Lakini hiyo ndiyo kazi ya msimamizi, kuzijua, ili mwenyekiti apate kuwa mtu yeyote mwadilifu anayeheshimiwa, ahudumu vipindi viwili vya miaka miwili miwili, kisha akamwachie mwenzake.

Walimu mlio kazini mnaweza kuona kwamba haya ni ya baba zenu. Hata hivyo, chama mtakachokikuta siku mtakapostaafu ndicho hiki kinachoendeshwa sasa, na wengi wenu mnakichangia tayari bila kuhudhuria mkutano hata mmoja. Wanafunzi wa ushirika na uhasibu nao wapo, wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya kazi na kuambiwa kila ofisi imejaa. Nimependekeza kwa vyama viwili vya hapa kwamba vimpokee mwanafunzi mmoja kwa miezi mitatu, aziandike upya daftari zao na kuzihifadhi katika kompyuta, kabla ya kuamua juu ya kuajiri. Kimoja kimekubali. Kingine kimesema kitalijadili suala hilo mwenyekiti atakaporudi kutoka hospitalini.