Fahamu: Kwa nini postikodi huzua mvutano Uingereza

Postikodi za Uingereza zilianza kujaribiwa mjini Norwich mwaka 1959, zikaenea nchi nzima kufikia 1974. Herufi zake za mwanzo hufuata njia za kusambazia barua, si mipaka ya halmashauri. Ndiyo maana Windsor, penye kasri la kifalme, hutumia SL4, yenye herufi SL za mji jirani wa Slough, na baadhi ya wakazi wamedai herufi zao wenyewe. Sababu si fahari tu: kampuni za bima huangalia postikodi zinapopanga ada, na wanunuzi wa nyumba huitumia kupima hadhi ya mtaa. Hata hivyo, mabadiliko huleta usumbufu wa kurekebisha anwani benki na kwenye leseni. Kampuni ya posta ya Royal Mail hubadilisha postikodi pale tu usambazaji wa barua unapohitaji.