Ngitili, Pamba na Mifugo: Historia ya Matumizi ya Ardhi katika Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu mjini Bariadi, ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Maeneo ya wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu yalimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na Busega kutoka Mkoa wa Mwanza. Ingawa mkoa ni mpya, historia ya ardhi yake ni sehemu ya historia pana ya Usukuma. Makala haya yanafafanua historia hiyo kwa kuzingatia ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani yaote, na kufunguliwa wakati wa kiangazi.

Kwa desturi, ngitili ilikuwa akiba ya ndama, maksai wa kulimia na mifugo dhaifu. Ilimilikiwa na kaya, ukoo au jamii nzima ya kijiji, na mipaka yake ililindwa kwa makubaliano ya wazee. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Hivyo basi, uhai wa ngitili ulitegemea mambo mawili: wenyeji kuishi karibu nayo, na kuwapo kwa mamlaka iliyoheshimiwa.

Mambo hayo yalidhoofishwa kwa awamu. Wakati wa ukoloni, misitu ilifyekwa ili kutokomeza mbung'o. Kilimo cha pamba kilipopanuka, plau ya maksai ilifikia mashamba mapya, na mapato ya pamba yakatumika kununua ng'ombe zaidi. Mashamba na mifugo vikaongezeka kwa pamoja huku malisho yakipungua. Kisha Operesheni Vijiji, iliyofanyika kwa nguvu mwaka 1974, iliwahamisha watu mbali na makazi yao ya awali. Ngitili nyingi zikabaki bila mwangalizi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliodumu hadi 2004. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Badala ya kutegemea upandaji wa miti peke yake, mradi uliwahimiza wananchi kufufua ngitili, kwa kuwa visiki na mizizi iliyobaki huchipua eneo linapopumzishwa. Inakadiriwa kuwa ngitili zilizorejeshwa zilizidi hekta 300,000. Ulinzi wake uliimarishwa na dagashida, mkutano wa kimila wa kutunga kanuni, pamoja na sungusungu waliozisimamia.

Mafanikio hayo yaliibua swali la haki. Ngitili ilipopata thamani ya kuni, nguzo, dawa na majani ya kuezekea, kaya zenye ardhi kubwa zilinufaika kuliko zisizo na ardhi, ambazo hutegemea ngitili za jamii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinawezesha vijiji kutenga na kusimamia maeneo ya pamoja. Hata hivyo, ngitili isiyopimwa wala kuandikwa kwa jina la kijiji inaweza kugawanywa kuwa mashamba bei ya pamba inapopanda.

Kwa hiyo, uhifadhi katika Simiyu unahitaji kutazamwa kama suala la umiliki sawasawa na la ikolojia. Miti hurejea yenyewe pale ardhi inapopumzishwa. Makubaliano ya kuipumzisha hayana budi kufanywa upya na kila kizazi.