Moshi wa Meli na Maji ya Ziwa

Bila shaka umepata kuiona kandili ambayo utambi wake umepandishwa mno. Mwanga wake hufifia, na chemni huwa nyeusi. Weusi ule ni masizi, nayo hutokea mafuta yanapokosa oksijeni ya kutosha ya kuyaunguza yote.

Jambo hilo hilo hutokea katika meli. Ukisimama mwaloni Katonga ukaiona meli inatoka bandari ya Kigoma huku ikitoa moshi mweusi, ujue kwamba sehemu ya mafuta yake inapotea hewani bila kufanya kazi yo yote.

Injini ya dizeli haina utambi, wala haiwashwi kwa kibiriti. Pistoni huikandamiza hewa ndani ya silinda mpaka hewa hiyo ipate joto kali. Kisha nozeli hunyunyiza mafuta kama ukungu. Kila tone dogo huzungukwa na hewa, likaungua lote. Nguvu inayopatikana huisukuma pistoni, na mwishowe rafadha huzunguka. Lakini nozeli iliyochakaa hudondosha matone makubwa, ambayo hayaungui yakaisha. Kwa hiyo injini kuukuu hula mafuta mengi zaidi kwa safari ile ile. Injini mpya hutoa masizi kidogo, ingawa usidhani kwamba haichafui kabisa: hata mafuta yaliyoungua vizuri hutoa kabonidayoksaidi.

Je, meli ikizeeka itupwe? Fikiri habari za Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito. Grisi ilizuia maji na hewa visiguse chuma. Hivyo meli ilipoibuliwa mwaka 1924, kutu haikuwa imeziharibu mashine. Hizo zilikuwa mashine za mvuke. Katika miaka ya 1970 ziliondolewa, zikawekwa injini za dizeli.

Serikali imefuata njia zote mbili. Katika Ziwa Viktoria, meli ya MV Victoria ya mwaka 1961 ilirudi kazini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya. Meli mpya kabisa, MV Mwanza, yenye nafasi ya abiria 1,200, ilishushwa majini mwaka 2023. Mwaka huo huo ulitiwa sahihi mkataba wa kuikarabati Liemba.

Kwetu Kigoma jambo hili ni kubwa. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, lakini maji yake ya chini hayana oksijeni. Samaki wote, pamoja na dagaa, huishi katika tabaka la juu, na mafuta yanayovuja huelea juu. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na uchafu mwingi hubaki.

Jaribio: Jaza maji katika beseni. Dondosha tone moja la mafuta ya kupikia. Tazama linavyotandaa. Sasa chukua kijiko, ujaribu kuyaondoa mafuta yote bila kumwaga maji. Umetumia dakika ngapi?